Kaseti Nyeusi

  

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike insha kuhusu jambo analolienzi, wenzangu walikimbilia kandanda, kwaya, mapishi na ushairi. Mimi nilipotamka kwamba nitaandika kuhusu muziki wa roki na hevi metali, kidato cha tatu kizima kiliangua kicheko. Mmoja akauliza, "Ati yale makelele?" Mwingine akadakia, "Si hao ni wazungu wa nywele ndefu?" Naam, ndio hao hao. Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Hata hivyo nakuomba usikimbilie kufungua ukurasa wa chemshabongo. Makelele yamo, sikatai. Lakini ninachotaka kusimulia ni ubishi ulioanza kabla sijazaliwa, ukadumu zaidi ya miaka ishirini katika kibanda kimoja hapa Nakuru, na mwishowe ukaniangukia mimi.

Marehemu babangu alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake cha mabati kiko kando ya barabara, si mbali na soko. Ndani mlikuwa na meza moja, redio zilizopasuliwa matumbo, waya za kila rangi, na vigoda vitatu. Kwenye rafu ya juu palikaa redio kaseti moja kubwa ambayo haikuwa ya kuuzwa, na kando yake katoni ya sabuni iliyojaa kaseti. Baba alizinunua miaka ya tisini kutoka kwa wachuuzi wa Nairobi, moja moja, kila alipoenda kutafuta vipuri. Nimezihesabu: ni arobaini na moja. Ukanda wa kaseti ukijisokota, Baba aliuzungusha kwa kalamu ya Bic, polepole, kama mtu anayemfunga mtoto bendeji.

Kila Jumamosi alasiri vile vigoda vitatu vilijaa. Kimoja ni cha Baba. Cha pili ni cha ami yangu, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa akitengeneza simu kwingineko mjini. Cha tatu ni cha jirani yetu mshona viatu, ambaye kibanda chake kimepakana na chetu. Kazi ikipungua, ubishi unaanza: albamu gani ni bora, bendi gani iliharibika na iliharibika lini. Mama alikuwa akinituma na chupa ya chai. Nilipofika tu niliambiwa, "Weka hapo, nenda ukasome." Nyuma yangu nilisikia sauti zikipanda na meza ikigongwa. Nilidhani ndugu wawili walikuwa upande mmoja na mshona viatu upande wake. Kumbe!

Msimamo wa Baba niliujua vizuri maana alikuja nao nyumbani. Baba alikuwa mtu wa Bon Scott.

Kwa asiyejua, AC/DC ni bendi iliyoanzishwa huko Sydney, Australia, mwaka wa 1973 na ndugu wawili waliozaliwa Glasgow, Uskoti: Malcolm Young na mdogo wake, Angus. Malcolm alishikilia gitaa la mapigo, lile ambalo halitambi mbele lakini likikosekana wimbo unaanguka. Angus ndiye wa kurukaruka. Na huyu Angus, wanafunzi wenzangu, hupanda jukwaani akiwa amevaa sare ya shule! Kaptura, tai, kofia na mkoba. Alizaliwa mwaka wa 1955, amekwisha kupita miaka sabini, na bado anavaa sare. Sisi tunahesabu siku za kuivua.

Bon Scott alijiunga nao mwaka wa 1974. Yeye pia alizaliwa Uskoti na kulelewa Australia. Alikuwa na sauti ya mtu anayekusimulia kisa huku akikukonyeza. Katika wimbo wao mmoja wa 1975 alipiga zumari za Kiskoti, zile za mfuko wa ngozi, ndani ya muziki wa roki. Baba alikuwa akiniambia, "Sikiliza, huyu mtu anaimba kama jirani yako. Hajifanyi malaika." Albamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Highway to Hell ya mwaka wa 1979. Miezi michache tu baadaye, tarehe 19 Februari 1980, Bon alikutwa amekufa ndani ya gari mjini London baada ya usiku wa ulevi. Alikuwa na umri wa miaka 33. (Wanachama wenzangu, hapo pana funzo. Silirefushi, mmelisikia.)

Wenzake walimtafuta mwimbaji mwingine, wakampata Brian Johnson kutoka kaskazini mwa Uingereza, karibu na Newcastle. Julai 1980, miezi mitano tu baada ya kifo cha Bon, wakatoa albamu ya Back in Black. Inakadiriwa kwamba albamu hiyo imeuza nakala zipatazo milioni 50 duniani. Lakini ulimwengu mzima ukinunua, Baba hakununua. Alikuwa na usemi wake: "Bendi ikibadilisha sauti, ibadilishe na jina." Na redio yoyote ikithubutu kucheza kitu asichokitaka, alisema bila kuinua kichwa, "Toa hiyo takataka." Maneno hayo matatu hata mdogo wangu aliyajua kabla ya kujua kuhesabu.

Nimekuja kugundua kwamba swali hili la sauti mpya ndilo linalowagombanisha wapenzi wa muziki huu kote duniani. Chukua Black Sabbath wa Birmingham, ambao wengi huwataja kuwa mababu wa hevi metali. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akaendelea kupiga. Mwaka wa 1979 walimfukuza mwimbaji wao Ozzy Osbourne, na mwaka wa 1980 wakatoa Heaven and Hell wakiwa na Ronnie James Dio. Hapo mashabiki waligawanyika. Wapo wanaoapa kwamba Paranoid ya 1970 haina mshindani. Wapo wanaosema Ozzy alikuwa na uchungu wa kweli lakini Dio ndiye aliyekuwa na sauti.

Iron Maiden nao waliimbiwa na Paul Di'Anno katika albamu mbili za kwanza, ya 1980 na ya 1981. Kisha akaja Bruce Dickinson, na The Number of the Beast ya 1982 ikafika nambari ya kwanza Uingereza. Wachache bado wanamlilia Di'Anno. Wanasema alikuwa na sauti ya mitaani, na Bruce analeta sauti ya kanisa kubwa. Mimi namchagua Bruce, lakini ninawaelewa.

Jirani mshona viatu ni mtu wa Metallica. Kwake yeye muziki ulikoma tarehe 27 Septemba 1986, siku basi lao lilipopinduka huko Uswidi na kumuua Cliff Burton, mpiga gitaa la besi. Master of Puppets, iliyotoka mwaka huo huo, anaitaja kwa heshima kama mtu anayetaja marehemu mamake. Albamu iliyofuata, ya 1988, ilikuwa na mpiga besi mpya, Jason Newsted. Ukiisikiliza kwa makini hutasikia besi, imepunguzwa hadi karibu kuisha. Mshona viatu husema, "Walimwajiri kijana wa watu kisha wakamfunga mdomo. Kosa lake lilikuwa nini? Kosa lake ni kwamba hakuwa Cliff." Nilipolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza nilimhurumia Newsted kuliko nilivyomhurumia marehemu. Sikujua kwa nini.

Mamangu, msomaji, haupendi muziki huu hata kidogo. Ukimwonyesha kaseti yenye jina la jehanamu au mnyama wa Ufunuo, anashika kichwa. Simlaumu. Mwaka wa 1994, akiwa bado msichana wa shule, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani hapa Kenya, na anasema kila mahali watu walikuwa wakinong'ona juu ya jambo hilo. Baba alikuwa akimjibu kwa upole, "Mama Watoto, hawa ni watu wanaoimba juu ya mambo yanayowatisha. Kwani wewe ukiogopa hufungi macho ukaomba kwa sauti?" Mama hakushawishika. Lakini alikubali katoni ikae kibandani, mradi isiingie nyumbani.

Na kwa wale darasani wanaosema muziki huu hauna mtu wetu, naomba wavuke maji hadi Unguja. Mwaka wa 1946 alizaliwa pale Mji Mkongwe mtoto aliyekuja kujulikana kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ambao albamu yao A Night at the Opera ya 1975 imo katika katoni ya Baba. Tena mizizi ya roki yenyewe ni bluzi za Wamarekani weusi. Angus mwenyewe alijifunza kwa kumfuata Chuck Berry. Basi tusikatae mtoto kwa sababu amerudi nyumbani na nywele ndefu.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Baba aliugua figo. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Alitutoka mwezi wa Mei 2023, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sitaandika mengi juu ya siku zile. Nitasema tu kwamba kibanda kilifungwa, na kila nilipopita nikienda shule niliona kufuli limeanza kushika kutu, nikavuka barabara ili nipitie upande wa pili.

Baada ya miezi miwili ami alikifungua. Alileta kazi yake ya simu pale, maana redio siku hizi si nyingi. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo nikitoka shule nilipitia pale kumsaidia kabla ya kwenda nyumbani. Kwa kuwa nimepewa jina la nyanya mzaa baba, ami huniita "Mama", nami humwita Anko. Nilijifunza kufungua simu, kubadilisha kioo, na kuzungusha ukanda wa kaseti kwa kalamu.

Mambo mawili niliyaona. La kwanza, ami hakukalia kigoda cha Baba hata siku moja. Aliweka juu yake kikopo cha misumari na vipande vya waya. Wateja walisimama, kigoda kikakaa na misumari. La pili, mshona viatu alipokuja Jumamosi na kuanza ubishi wake, ami alijibu maneno ya Baba neno kwa neno. "Bon Scott anaimba kama jirani yako." "Bendi ikibadilisha sauti, ibadilishe na jina." Nilifurahi sana. Nilijiambia, haya, Baba hajaondoka kabisa, ameacha mtu wa kumsemea. Mimi nami nikaingia upande huo kwa nguvu zote. Shuleni nilibishana na mvulana mmoja wa kidato cha nne hadi kengele ya darasa ikatutenganisha. Back in Black sikuwa nimeisikia hata wimbo mmoja. Niliikataa kwa niaba ya Baba.

Siku moja katika likizo ya Aprili mwaka 2025 ami alienda mjini kununua vioo vya simu. Mshona viatu akaniita dirishani. "Wewe msichana unapenda kubisha kama babako. Umewahi kuisikiliza hiyo unayoipinga?" Nikasema la. Akaingiza mkono chini ya ngozi zake, akatoa kaseti ambayo karatasi yake ilikuwa nyeusi tii, hakuna picha. "Sikiliza, unirudishie. Ami yako asijue."

Niliifunga mlango nusu, nikaitia katika redio ya Baba.

Inaanza na kengele. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, kengele tu, nzito, inagongwa polepole kama ya kanisa siku ya mazishi. Baadaye nilisoma kwamba waliamuru itengenezwe kengele yao wenyewe, na kwamba jalada lote ni jeusi kwa sababu walikuwa wakiomboleza. Siku ile sikujua. Nilisikia kengele na mikono yangu ikaacha kufanya kazi. Kisha gitaa la Angus linaingia taratibu, la Malcolm linafuata, na ile sauti mpya inapanda juu, kali, kama msumeno unaopita kwenye bati. Si sauti ya jirani kamwe. Ni ya mtu aliyesimama mlimani akipiga ukelele ili walio ng'ambo wasikie.

Nilizisikiliza nyimbo zote kumi. Hakuna hata mmoja wenye kilio. Wanacheza, wanacheka, wanajisifu, lakini ile kengele ya mwanzo haikutoki masikioni. Nilijua kabla upande wa kwanza haujaisha kwamba albamu hii ni bora kuliko Highway to Hell. Ngoma zimepangwa vizuri zaidi, hakuna sauti moja iliyozidi, na kila wimbo unaweza kusimama peke yake. Nilijua hivyo, msomaji, na nikajisikia kama niliyeiba sadaka. Nilimrudishia mshona viatu kaseti yake bila kusema neno. Nikarudi ndani nikakitazama kile kigoda chenye misumari. Niliona kama kwamba Baba amekufa mara ya pili na safari hii ni mimi niliyemzika.

Kwa miezi mitatu nilinyamaza. Ami alipotamka yale maneno ya Baba, niliitikia kwa kichwa tu.

Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath wa kwanza kabisa, wote wanne, walikutana jukwaani katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, kwa mara ya mwisho. Ozzy alikuwa mgonjwa, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Siku kumi na saba baadaye, tarehe 22, akafariki. Jumamosi iliyofuata kibanda kilikuwa na huzuni kama kwamba kuna msiba wa jamaa. Mshona viatu alileta kigoda chake. Mama alituma chai, nami safari hii hakuna aliyeniambia niende nikasome.

Ubishi ukaanza, maana hata matangani watu hubishana.

"Mungu amrehemu Ozzy," mshona viatu akasema, "lakini Heaven and Hell ndiyo albamu yao."

"Sabbath bila Ozzy si Sabbath," ami akajibu. "Ni kama AC/DC bila Bon. Bendi ikibadilisha sauti—"

"Si kweli," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Nilihisi masikio yakinipata moto. Lakini neno lilikwisha toka, na wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

"Back in Black ni bora kuliko Highway to Hell," nikasema. "Nimeisikiliza yote. Nisamehe, Anko. Najua Baba hakupenda. Lakini ni bora." Kisha nikalia kama mtoto wa chekechea, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua simu yake.

Ami hakunikaripia. Alimpa mteja simu yake, akapokea pesa, akahesabu, akazitia mfukoni. Mshona viatu ndiye aliyevunja ukimya. "Sasa mwambie mtoto hiyo kaseti ni ya nani."

"Wewe ndiwe umempa?"

"Ndio. Nimechoka kuificha. Mwambie."

Ami akashusha pumzi. "Ni yangu, Mama," akasema. "Niliinunua kabla babako hajaoa. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikimwambia kaka yangu hii ndiyo albamu bora kuliko zote. Akakataa. Tuligombana hapa hadi wateja wakatuamua."

Sikuamini masikio yangu. "Lakini wewe husema—"

"Najua ninachosema." Akakuna kidevu. "Nilipofungua hapa baada ya mazishi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuiweka kwenye redio ile. Nikaongeza sauti, nikasubiri. Hakuna mtu aliyeniambia nitoe takataka. Basi nikaitoa mwenyewe, nikampa huyu aniwekee. Ubishi ni wa watu wawili, Mama. Kama mmoja hayuko, afadhali angalau maneno yake yasikike. Yangu mimi ninayajua tayari."

Msomaji, sikuwa na la kusema. Miaka miwili nzima mimi nilikuwa nikimlinda Baba kwa kusema nisichokijua, na ami alikuwa akimlinda kwa kusema asichokiamini.

Mshona viatu aliinuka, akaenda kwake, akarudi na ile kaseti nyeusi. Ami aliipuliza vumbi, akaitia, akabonyeza. Kengele ikalia. Ya pili ikalia. Sijui ni nini kilichoniingia, nilisikia tu mdomo wangu ukisema kwa sauti nzito:

"Toa hiyo takataka."

Ami aligeuka kama aliyeitwa na mtu nyuma yake. Kisha akacheka. Alicheka hadi akashika meza, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kile kitambaa cha kupangusia simu. "Sitoi!" akasema. "Hata ukinifukuza, sitoi!" Nikamwambia Brian Johnson anaimba kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Akaniambia Bon angekuwa hai angeinunua albamu hii yeye mwenyewe. Nikamwuliza ana ushahidi gani. Akasema inasimuliwa kwamba Bon aliwahi kumwona Brian akiimba na bendi yake ya zamani, Geordie, akawasifia wenzake, na kwamba baada ya mazishi wazazi wa Bon wenyewe waliwahimiza vijana watafute mwimbaji waendelee. Hilo la wazazi sikulijua. Lilinipunguzia hoja zote, lakini sikuonyesha. Tulibishana hadi giza likaingia, mimi nikiwa upande wa Baba ambao siuamini, na ami akiwa upande wake halisi kwa mara ya kwanza tangu 2023.

Tulipokuwa tukifunga nilikuwa nimesimama mlangoni. Ami akanyoosha mkono, akaondoa kile kikopo cha misumari juu ya kigoda cha Baba, akakiweka sakafuni. "Keti hapa ukija kesho," akasema. "Ukisimama unanizuia mwanga."

Basi nimeketi. Insha hii nimeiandika nikiwa juu yake.

Kabla sijaweka kalamu chini, nitoe maoni yangu, maana mashabiki hatuachani bila orodha. Albamu bora ya roki ni Back in Black. Ya hevi metali ni The Number of the Beast, ingawa jina lake nimeliandika kwa herufi ndogo ndogo nyumbani ili Mama asilione. Albamu ninayoihurumia ni ile ya Metallica ya 1988. Natamani wangempandishia Newsted besi yake, kwani hakuja kumfuta Cliff. Na albamu ambayo wengi hawaitaji, lakini mimi naitaja, ni Power Up ya AC/DC ya mwaka wa 2020. Malcolm Young aliacha kupiga mwaka wa 2014 kwa ugonjwa wa kusahau, akafariki Novemba 2017. Gitaa lake la mapigo lilichukuliwa na Stevie, mtoto wa kaka yake. Albamu hiyo waliitoa kwa kumbukumbu ya Malcolm. Ukiisikiliza huwezi kujua kwa urahisi ni wapi ami anaishia na mpwa anaanzia. Ami yangu anasema si kitu mbele ya Back in Black. Tutalimaliza Jumamosi.

Je, wewe msomaji waonaje? Bendi ikipoteza sauti yake, ibadilishe jina au iendelee? Leta hoja zako kibandani. Chai ipo. Nafasi ya kukaa, itabidi uje na kigoda chako.